Kwa nini jembe la shule liligeuka fimbo

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, hebu jaribu kuhesabu adhabu ulizowahi kupewa. Ukichelewa namba, unapimiwa eneo la kufyeka. Ukipiga kelele darasani, unaenda kuchota maji ya bustani ya mwalimu. Ukisahau fagio au kidumu nyumbani, kuna majani nyuma ya vyoo yanakusubiri. Sasa jiulize swali moja la kijinga: kuna mtu aliwahi kuambiwa, "Umechelewa wewe, nenda ukakokotoe hesabu za sehemu ishirini"? Au "umetukana mwenzako, kwa hiyo utasoma ramani ya Afrika mpaka jioni"? Sijawahi kusikia. Katika masomo yote tuliyofundishwa, ni moja tu lililotumika kama adhabu, nalo ni lile ambalo wakubwa walituambia ndilo litakalotusaidia maishani: kazi za mikono.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa sababu kazi za mikono zimerudi kwa kishindo, safari hii kwa jina la amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, zimeigawa sekondari katika mikondo miwili: mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Kwenye amali mwanafunzi anasoma masomo kadhaa ya kawaida na kujifunza fani: useremala, uashi, kilimo, umeme, ushonaji, upishi na kadhalika. Wanaoshangilia wanasema hatimaye shule itatoa vijana wanaojua kufanya kitu. Nami napenda iwe hivyo. Ila nimepekua historia kidogo, na ninachokiona ni kwamba wazo hili si geni. Limeshaletwa kwetu si chini ya mara tatu katika miaka mia moja, kila mara likiwa na watetezi wenye akili nzuri, na kila mara limeishia pale pale nyuma ya vyoo.

Haya, twende taratibu.

Kabla ya shule za wazungu, stadi za maisha zilifundishwa bila kuitwa hivyo. Kulikuwa na jando na unyago, kulikuwa na mtoto kumfuata baba ziwani au mama shambani, kulikuwa na mwanagenzi kukaa kwa mhunzi mpaka mkono wake uzoee nyundo. Nisieleweke vibaya, siyasemi haya kwa kuota ndoto za zamani. Baadhi ya yaliyofanyika jandoni na unyagoni sitamani yarudi. Nataka tu tukumbuke kitu kimoja: aliyefundisha alikuwa anaishi kwa kazi ile ile anayoifundisha, na aliyefuzu alipata heshima yote iliyokuwepo kijijini. Hakukuwa na mlango mwingine, bora zaidi, kwa wale ambao hawakulima.

Wakoloni ndio walioleta mlango huo. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Walihitaji makarani, wakalimani, walimu, watu wa kujaza vitabu vya kodi. Shule ile ilikuwa na mafunzo ya ufundi pia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Kwa mwandishi wa habari kama mimi hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kila mzazi aliona kwa macho yake nani anarudi likizo na viatu. Alikuwa ni karani. Somo hilo halikuandikwa ubaoni, na halikusahaulika.

Wakaja Waingereza. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza elimu ya Waafrika. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwepo James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ilivutiwa na shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, Hampton na Tuskegee, zilizosisitiza kilimo, ufundi na usafi. Ushauri wake ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifanane na maisha yake: afya, kilimo, ufundi, matunzo ya nyumba. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika uliofuata mkondo huo huo.

Ukiusoma ushauri ule leo, bila kujua nani kautoa, unaweza kuupigia makofi. Unafanana sana na hotuba za mawaziri wetu. Tatizo ni kwamba kule kule Marekani, W. E. B. Du Bois alikwishaona mtego uliomo ndani yake na kumpinga Jones waziwazi. Elimu ya jembe kwa mtu mweusi, elimu ya kutawala kwa mtu mweupe: hapo neno "kufanana na maisha yake" lina maana ya kumwambia mtu abaki alipo. Huku kwetu wazazi hawakuwa wamemsoma Du Bois, lakini walifika palepale. Huko Kenya, Wakikuyu walipoanzisha shule zao huru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, moja ya vitu walivyovidai ni Kiingereza, tena mapema. Hawakuwa wanaidharau ardhi; hakuna watu waliopigania ardhi kama wao. Walijua tu kwamba mtu anayekunyang'anya shamba kwa hati ya Kiingereza hapingwi kwa jembe.

Tanganyika nako kulikuwa na majaribio. Maarufu zaidi lilifanyika Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya Bryant Mumford. Wazee wa kabila waliletwa kufundisha mila, wanafunzi walichunga ng'ombe na kuishi kwa namna iliyokaribiana na ya kwao. Halikudumu. Kisha katika miaka ya 1950 zikaja shule za kati, darasa la tano mpaka la nane, zikiwa na kilimo ndani yake. Hazikupendwa. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipa ada alikuwa na swali lake: kulima nitamfundisha mwenyewe, bure, nyinyi nimewapa mtoto mumfundishe nini?

Sasa angalia kichekesho cha historia. Wakati watoto wa kawaida wanashauriwa kupewa jembe, watoto wa machifu walikuwa na Tabora, shule iliyoandaa watawala wasaidizi. Hapo ndipo alipopelekwa mwaka 1937 kijana mmoja wa Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Baadaye akaenda Makerere, kisha Edinburgh. Miaka thelathini baada ya kuingia Tabora, kijana huyo akiwa Rais, ndiye aliyeandika waraka wenye nguvu kuliko yote iliyowahi kuandikwa Afrika kuhusu jambo hili.

Kabla ya waraka kulikuwa na kisa. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwao. Walitakiwa kwenda kambini, kisha kufanya kazi kwa muda huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidokeza kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu alikasirika kweli kweli. Aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa vigogo wenzake pia. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo kikatoka kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea.

Wengi wetu tunakitaja kijitabu kile bila kukisoma. Nakusihi kisome, ni kifupi. Mwalimu hakusema tu "watoto walime". Alianza na hesabu: kwa wakati ule, kati ya watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Akauliza, je, ni haki kupanga masomo yote kwa ajili ya hao 13, na wale 87 waondoke wakijiona wameshindwa maisha wakiwa na miaka kumi na tatu? Akataka elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya kupandia kwingine. Akataka mtihani upunguziwe utukufu. Akataka kila shule iwe na shamba au karakana, lakini si kama mapambo: wanafunzi wapange wenyewe, wapige hesabu wenyewe, waamue matumizi ya mapato, na wakikosea waone hasara kwa macho yao. Akawashangaa wanafunzi wa sekondari wanaofagiliwa na kupikiwa na vibarua waliolipwa na wakulima maskini kuliko wao.

Na haikuwa ndoto ya mezani. Huko Litowa, si mbali na Songea, vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikuwa wameanzisha kijiji cha ujamaa kwa hiari yao, na chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kilikuja kuwa na vijiji zaidi ya kumi. Litowa ilikuwa na shule ya watoto wa vijiji hivyo. Walisoma, walilima, walikaa kama jumuiya, na mavuno yalikuwa chakula chao wenyewe. Wazazi walijua kwa nini watoto wanalima, kwa sababu wazazi wenyewe waliishi hivyo hivyo kwa kupenda. Mwalimu aliifahamu vizuri sehemu ile. Ndipo panaponiuma: Septemba 1969 TANU yenyewe iliuvunja ule umoja wa Ruvuma. Vijiji vilivyojiamulia mambo vilikuwa vimewatia wasiwasi wakubwa. Tukabaki na kijitabu, tukaua mfano wake hai.

Baada ya hapo, Elimu ya Kujitegemea ikawa amri kutoka juu. Sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Likataka pia wanaomaliza kidato cha sita wakafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Kwenye alama za mwanafunzi kikaongezwa kipengele cha mwenendo wake kazini. Madarasa yakafurika haraka kuliko walimu na vitabu. Kisha miaka ya mwisho ya 1970 ikaja na vita vya Kagera na uchumi kuanguka. Shamba la shule, lililokusudiwa kumfundisha mtoto kupanga na kuamua, likawa njia ya kuziba pengo la bajeti, na hapa na pale likawa shamba la mwalimu ambaye mshahara haumfikishi tarehe kumi.

Mjomba wangu alimaliza la saba katika miaka hiyo. Nilimuuliza, mlikuwa mkipanga nini na shamba la shule? Akacheka. "Tulipangwa sisi, mstari mmoja, majembe begani." Mapato je? "Hayo ya kwako tena." Nilipomuuliza walichojifunza shambani ambacho hawakukijua nyumbani, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema: kujificha.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu la haraka ni kwamba watu ni wavivu, au wasomi waliihujumu sera. Silikubali. Mwaka 1965, miaka miwili kabla ya kijitabu, msomi aitwaye Philip Foster, aliyefanya utafiti wake Ghana, aliandika kwamba serikali hujidanganya zinapofikiri kubadili masomo kutabadili matamanio ya vijana. Kijana hatazami ratiba ya darasa, anatazama mishahara. Kama ofisi inalipa mara kumi ya shamba, unaweza kumfundisha kilimo asubuhi mpaka jioni, naye atakitumia kilimo hicho kama ngazi ya kufika ofisini. Foster alichukiwa na wengi, na nadhani alikosea kudhani soko ni kitu ambacho watu hawawezi kukibadili. Lakini mwangalie yule mtoto wa mwaka 1975. Anaambiwa mtihani si kitu, huku mtihani wa la saba ndio unaoamua nani aende mjini. Anaambiwa kilimo ni heshima, na anayemwambia hivyo amevaa suti na mtoto wake hayupo pale mstarini. Mtoto si mjinga. Aliufanya uamuzi wa mtu mzima mwenye akili timamu.

Ajabu ni kwamba katika miaka ile ile, nchi ile ile ilifanikiwa kufundisha stadi za maisha kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hakukuwa na mtihani wala cheti. Uliyejifunza leo kuhusu choo, ulichimba choo chako, wiki hiyo hiyo, na aliyenufaika ni mwanao. Linganisha na mtoto anayelima shamba ambalo mavuno yake hatayaona. Jembe ni lile lile, wananchi ni wale wale. Kilichotofautiana ni nani anakula matunda.

Majirani zetu nao wana la kusimulia. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukiwa na kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi ndani yake. Wazazi walichangishwa kujenga karakana. Karakana nyingi hazikupata vifaa, masomo yakafundishwa kwa kukariri, yaani mtoto anatahiniwa kuhusu randa ambayo hajawahi kuishika. Mwaka 2002 masomo yakapunguzwa, na baadaye mfumo mzima ukaanza kuondolewa. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanyika mwaka 2023.

Na hapa kwetu, neno "stadi za maisha" lilikuja kubadilika maana kabisa. Kuanzia miaka ya 1990, UKIMWI ulipotikisa kila nyumba, stadi za maisha zikawa kujitambua, kufanya maamuzi, kusema hapana. Wakaja waelimishaji rika, yakaja majarida kama Fema lililoanza mwaka 1999, ambalo wengi wetu tulilisoma kwa kugombania. Yalisaidia, kwa sababu yalizungumza nasi kwa lugha yetu kuhusu hofu zetu halisi. Lakini kujua kusema hapana bila kujua utakula nini kesho ni nusu ya stadi. Binti anayetegemea lifti ya mtu ili afike shuleni anahitaji kujitambua, sawa, na anahitaji pia bweni au nauli.

Sasa turudi kwenye amali. Binamu yangu ameanza kidato cha kwanza, na shule yake ina mkondo huo. Shangazi alinipigia simu akiwa na wasiwasi. "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hebu niambie ukweli. Huyu wakimweka kwenye useremala, chuo kikuu atafika?" Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa sera njia haijafungwa, anaweza kuendelea mpaka elimu ya juu. Akanyamaza kidogo. "Na wa wakubwa, wamewaweka mkondo upi?"

Wasomaji wangu, swali la shangazi ni lile lile la wazazi wa 1924, wa 1955 na wa 1975. Si swali la mtu anayedharau useremala. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi, na meza ninayoandikia aliitengeneza yeye. Ni swali la mtu anayetaka kujua kama mwanawe anapewa ujuzi au anaondolewa njiani ili wengine wapite.

Sipingi amali. Naiunga mkono, na ndiyo maana naogopa. Kama karakana zitajengwa bila mbao, misumari na mwalimu aliyewahi kutengeneza kiti kikauzika, tutakuwa tumerudia 8-4-4. Kama shule zenye amali zitakuwa za kata tu, na zile za ada za mamilioni zikabaki na elimu ya jumla, tutakuwa tumerudi kwa Jesse Jones. Kama kiti alichokitengeneza mwanafunzi kitauzwa na yeye asijue bei, tutakuwa tumerudi kwenye shamba la mjomba wangu. Na kama mwajiri, hasa serikali ambayo ndiyo mwajiri mkubwa, itaendelea kumlipa fundi mzuri chini ya karani wa kawaida, hakuna mtaala utakaomshawishi kijana yeyote.

Kuna jambo moja ambalo haligharimu hata senti na linaweza kuanza kesho asubuhi: marufuku ya kutumia jembe, fyekeo na ufagio kama adhabu, katika kila shule, hasa zenye amali. Huwezi saa mbili kumwambia mtoto kwamba kilimo ni fani yenye heshima, na saa nne ukampeleka shambani kwa sababu amekutukana. Ataamini la saa nne.

Mnasemaje wenzangu? Mliosoma michepuo ya kilimo, ufundi au sayansi kimu, mlitoka na nini mkononi? Na mlio na watoto au wadogo zenu kidato cha kwanza, mmewachagulia mkondo upi, na kwa nini?